Dirisha Langu la Betri

Naanza na aibu yenyewe ili tusipotezeane muda: mimi Omari, fundi seremala, mzaliwa wa Misima, niliwahi kusimama mbele ya wageni wa wilaya na kijiji kizima nikiwa na msuli tu kiunoni, nimekumbatia betri ya trekta kifuani, jasho linanichuruzika, na aliyeniumbua hakuwa adui wala mgambo, alikuwa dirisha langu mwenyewe nililolitengeneza kwa mikono hii mnayoiona. Najua wengine mmeshaisikia kwa watu wa Kabuku, ambao hawawezi kusimulia jambo bila kulitia chumvi (wanasema nilikuwa uchi, si kweli, na mtaona ni kwa nini si kweli). Leo isikieni kwa mwenye aibu yake.

Chanzo ni wivu, sitazunguka. Watu husema wivu ni wa wanawake, lakini aliyesema hivyo hakuwahi kuwa fundi mmoja katika kijiji halafu akaja fundi wa pili.

Ilikuwa miaka ile tumeshahamia vijiji vya ujamaa, nyumba zimepangwa mistari miwili kama wanafunzi wanaokaguliwa kucha, shamba la kijiji upande mmoja, ofisi na duka la ushirika upande mwingine, na kijiji chetu hakikuwa mbali sana na Kabuku, ukitembea asubuhi unafika jua halijawa kali. Bwana afya alikuwa anapita kila mara kusisitiza kwamba kila nyumba iwe na dirisha la kupitisha hewa, maana wazee wetu walizoea tundu la kuchungulia tu, na mimi ndiye niliyekuwa natengeneza hayo madirisha. Mbao mbili, bawaba za tairi bovu, komeo la mti, basi. Dirisha langu ukilifunga ni giza, ukilifungua ni vumbi na mbuzi anachungulia sufuria. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona jingine, na mimi nikitembea kijijini niliitwa Fundi hata na watoto waliokuwa hawajaota meno vizuri.

Ndipo akaja Mayunga.

Mayunga ni Mnyamwezi, baba yake aliletwa kukata mkonge huko Magoma, na yeye akazaliwa kambini, akajifunza useremala kwenye karakana ya shamba la mkonge, akaja kupangiwa kiwanja kijijini kwetu nyumba tatu kutoka kwangu. Sasa kwa asiyejua, sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa zake: anaweza kukutukana mchana kweupe, anaweza kuingia kwako akachukua jogoo, anaweza kukaa juu ya jeneza la baba yako akalizuia lisiondoke mpaka apewe kitu, na wewe huruhusiwi kukasirika, ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Kwa hiyo fikirieni hali yangu. Nimepata mpinzani, na mpinzani mwenyewe ni mtu ambaye kwa mila sitakiwi hata kumnunia.

Akajenga nyumba yake, akaweka dirisha. Nilisikia kelele za watu wanashangaa nikaenda kutazama kama mpita njia (nilipita mara nne). Lilikuwa na vibao vyembamba vimelazwa kimoja juu ya kingine, vyote vimeungwa na kijiti kimoja, ukisukuma kijiti juu vinafunguka, ukikivuta chini vinajifunga, mvua inanyesha na hewa inapita na maji hayapiti. Ndani yake wavu wa mbu. Juu yake kipande cha kioo cha kuingiza mwanga. Na kutoka kwenye kile kijiti kamba nyembamba ya katani imepita ukutani hadi kitandani, mtu anafunga dirisha akiwa amelala. Nilitazama viungo vyake kwa jicho la fundi nikitafuta kosa. Sikuona, na hilo liliniuma kuliko dirisha lenyewe.

Jioni ile mke wangu Hadija alikuwa anapeta mchele, akasema bila kuniangalia, "Mume wangu, umeliona dirisha la Mayunga? Analifunga bila kuinuka kitandani."

Nikasema nimeliona. Nikasema pia kwamba mtu asiyeweza kuinuka kitandani ni mvivu.

"Mimi siku hizi kuinuka kunanishinda," akasema, na kweli alikuwa na mimba ya kwanza baada ya miaka sita ya kungoja, "dirisha la namna ile lingenifaa." Nikala chakula kile lakini sikuwa nasikia ladha yake.

Kama ingeishia hapo ningepona taratibu. Lakini mwenyekiti wetu, Mzee Kilo, akatangaza mkutanoni kwamba mwezi wa saba, kabla ya mavuno, watakuja wageni kutoka Handeni, watatembelea shamba na nyumba, na fundi ambaye dirisha lake litawapendeza ndiye atakayepewa madirisha yote ya zahanati mpya. Zahanati, jamani, jengo la matofali, la kwanza kijijini, litakalosimama baada ya sisi wote kufa. Watu waligeuza shingo kumtazama Mayunga. Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa, kwenye kiti nilichokitengeneza mwenyewe, na hakuna aliyenitazama.

Siku mbili baadaye nikawa kwenye duka la ushirika nangoja chumvi, wanaume wanasifia kile kipande cha kioo, mmoja anasema ukiwa ndani kwa Mayunga unaona hadi barabarani. Na hapa ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulionimaliza. Ningeweza kunyamaza. Nilisema, "Kioo cha kawaida kinashika ukungu. Langu mimi litakuwa linajifuta lenyewe."

Mayunga alikuwa amekaa juu ya gunia, akauliza kwa upole, "Linajifuta kwa mkono wa nani, mtani?"

"Kwa umeme," nikasema.

Msisahau kijiji hakikuwa na umeme. Hata waya wa kuanikia nguo ulikuwa wa kuazimana. Mwenye duka akaacha kupima chumvi. Mayunga akasema, "Basi sisi wakimbizi wa mkonge tungoje tuelimishwe," watu wakacheka, na mimi nikatoka bila chumvi yangu.

Lakini sikuwa nimeokota tu maneno. Miezi kadhaa kabla nilikuwa Korogwe kutafuta misumari, nikapita gereji moja nyuma ya stesheni, na ukutani pale fundi gari alikuwa amebandika ukurasa wa gazeti la Ulaya kuzuia upepo, una picha ya nyumba yenye dirisha kubwa, nje theluji, ndani mtoto anacheza. Yule fundi, ambaye aliwahi kufanya kazi kwa Wazungu, akanieleza kwamba huko kwao sasa wanatia umeme ndani ya kioo cha dirisha, kioo kinapata joto, hakishiki ukungu wala barafu, na nyumba inakuwa vuguvugu. Akaniambia hata magari mapya madogo yanakuja na kioo cha nyuma cha namna hiyo. Nilimcheka siku ile. Sasa nikapanda basi kwenda kumtafuta.

Alikuwa na gari lililopondeka mbele, nyuma lilikuwa zima, na kioo cha nyuma kina mistari myembamba ya rangi ya kahawia imelala kutoka upande huu hadi ule, kumi na mbili, niliihesabu. Akaunga nyaya mbili kwenye betri, akaniambia weka kiganja. Kioo kilikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Moyo wangu ulicheza ngoma. Kwa kioo kile nilimtengenezea stuli mbili na kumnyooshea mlango wa choo chake, siku mbili nzima, nalala hapo hapo gerejini, na wakati wa kuondoka akanipa onyo moja: "Usijaribu kukikata. Kioo hiki hakikatwi. Ukikitia almasi ya kukatia vioo pembeni, chote kinageuka chenga mara moja."

Nikakifunga blanketi nikakipakata kwenye basi kupitia Segera hadi nyumbani. Abiria mmoja akaniuliza ni picha ya nani. Nikamwambia ni yangu.

Sasa kioo hakikatwi, na kilikuwa kirefu kwenda upande kuliko dirisha lolote nililowahi kutengeneza, tena kimepinda kidogo katikati. Kwa hiyo sikuwa na njia ila kukata ukuta. Nikabomoa udongo, nikakata fito, nikakata na mhimili mmoja ambao fundi yeyote mwenye akili asingeugusa (nilijua, nikaukata), na nyumba ikaegemea kidogo upande wa mashariki, imeegemea hivyo hadi leo. Hadija akakaa nje na tumbo lake ananitazama. Alisema jambo moja tu, kwamba Mayunga alipoweka dirisha lake nyumba haikulia. Nikajifanya sikusikia.

Kilipokaa kwenye fremu kilipendeza, siwezi kudanganya. Kizingiti chake cha chini kilinifika kitovuni na cha juu kilinipita kichwa kidogo. Watu walikuja kutazama. Mayunga naye akaja, akapitisha kidole kwenye viungo vyangu vyote kama mimi nilivyofanya vya kwake kwa macho, akasema, "Fremu nzuri, mtani. Na ukungu uko wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Handeni, ndugu zangu, ni nchi ya jua. Hata huo mwezi wa saba wa baridi, ukungu unaoshika kioo asubuhi ni wa kuomba, jua likichomoza tu umekwisha. Nilikuwa nimetengeneza dawa na ugonjwa hakuna. Nikipulizia pumzi kinashika kiduara kidogo, kinapotea chenyewe kabla hata ya umeme. Na wageni wangekuja saa tatu, wakati jua limeshapanda. Nikafikiri kutwa nzima, nikapata jibu: chumba nikizibe, mlango nifunge, meko matatu ya mafiga ndani, sufuria tatu za maji zichemke tangu alfajiri. Kioo nje ni baridi ya kipupwe, ndani ni mvuke. Ukungu utashika tu, utake usitake.

Na betri? Betri kijijini ilikuwa moja, ya trekta la kijiji, lililolala bandani kando ya ofisi. Athumani, dereva wa trekta, alikuwa rafiki yangu na ningeweza kumwomba, lakini Athumani hakuwa mtu wa siri, ukimwambia jambo saa moja, saa mbili Mayunga analo. Na ratiba nilikuwa nimeiona kwa macho yangu imebandikwa ofisini: saa tatu nyumba, saa tano shamba, ambapo wageni wangepakiwa kwenye tela na kuvutwa na trekta kwenda kuona mahindi. Nikapiga hesabu kwamba saa nne na nusu betri itakuwa imerudi bandani na hakuna atakayejua. Basi baada ya swala ya alfajiri, wenzangu wamebaki barazani mwa msikiti wanapiga soga, nikaenda bandani, nikafungua betri, nikaifunga kwenye kerea ya baiskeli kwa mpira, nikaiswaga nyumbani. Niliita hilo kuazima. Hata leo nikilisema mdomo unaniwasha.

Ilivyokuwa ndani ya chumba kile asubuhi ile sina namna ya kuwaelezea wasiowahi kuwa viazi. Sufuria tatu zinatokota, mlango umefungwa, moshi na mvuke, Hadija anaongeza kuni na kutoka nje kila mara kupumua, mimi nimevua shati, nimevua suruali, nimebaki na msuli. Lakini kioo kilikuwa kimeshika ukungu mzuri, mweupe, mzito, hauoni hata kivuli cha mtu nje. Nyaya nilizipata fupi, hazifiki hatua moja, nikaziviringisha kwenye vichwa vya betri na kuzikaza kwa mpira wa baiskeli ili zisichomoke mbele ya wageni. Nikakaa chini ya dirisha na betri, waya wa mwisho mkononi, nikingoja.

Nisichokijua ni hiki. Wageni walifika mapema, na kiongozi wao, mama mmoja mnene mwenye miwani na sauti ya mwalimu mkuu, akasema jua la Handeni analijua, waanze na shamba, nyumba baadaye. Mzee Kilo akakubali. Wageni wakapandishwa kwenye tela, wakaketi kwenye viti (viti nilivyotengeneza mimi), akina mama wakaimba, Athumani akakwea trekta kwa madaha, akageuza ufunguo. Kimya. Akageuza tena. Kimya. Akateremka, akafungua kifuniko, akasimama pale akitazama tundu tupu. Wageni wa wilaya wamekaa juu ya tela lisilokwenda popote, na nyimbo zikafa moja moja.

Halafu mtu akaona alama ya tairi. Tairi langu la nyuma lilikuwa limepasuka nikalishona kwa waya, na lilikuwa linaacha mchoro kama mshono wa gunia kila linapopita, hakuna aliyekuwa halijui kijijini.

Mimi ndani nikasikia miguu ya watu wengi inakuja. Nikasema, wamefika, tena wengi. Nilisikia hata furaha kidogo, nikamwona Mayunga akilini mwangu amesimama nyuma ya umati anajifanya kutazama miti. Nikaunga waya wa mwisho.

Kisha nikasikia sauti ya Athumani, karibu kabisa na ukuta: "Imeingia hapa. Betri imeingia hapa."

Na sauti ya yule mama: "Huyo mwizi wa mali ya kijiji ni nani? Mgambo, zungukeni nyuma."

Jamani, zama zile mali ya kijiji haikuwa mchezo. Mtu aliyekula gunia moja la mahindi ya pamoja alitembezwa na kupelekwa wilayani. Nikaruka, nikainyanyua betri niifiche mvunguni mwa kitanda, hatua moja, nyaya zikanivuta, zimekazwa na mpira, na mpira niliukaza mwenyewe vizuri kama nilivyozoea kufanya kazi zangu. Nikarudi dirishani. Mikono yote miwili imebeba betri, sina wa kufungulia nyaya, chini ni mafiga na sufuria, nikasimama pale nimeikumbatia, na kitu pekee kilichokuwa kati yangu na umati ni ukungu.

Na dirisha langu likaanza kufanya kazi.

Nawaambia ukweli, halikuwahi kufanya kazi vizuri vile. Ukungu haukuondoka wote kwa pamoja, ulianza kuyeyuka pale penye mistari, mstari mmoja mmoja, kwanza ule wa usawa wa macho, nikaona kofia ya Mzee Kilo, na Mzee Kilo akaona paji langu la uso. Kisha mwingine, wakaona pua. Kisha kidevu, kisha kifua na betri juu yake, na jasho, mistari inakutana, kioo kinakuwa safi kabisa, watu wananyamaza kadiri ninavyozidi kuonekana. Hapo ndipo nikasikia msuli unalegea. Ukaanguka. Lakini kumbukeni nilichowaambia, kizingiti cha dirisha kilikuwa kitovuni, Mungu alinisitiri kwa inchi chache, na watu wa Kabuku waache uongo.

Yule mama wa wilaya alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mgambo mmoja akauliza kama avunje mlango.

Ndipo Mayunga akatoka kwenye umati, mkononi ana kamba ya katani. Nilijua imekwisha. Mtu niliyemtakia mabaya miezi yote ile, leo nimejileta kwake mwenyewe kwenye sahani.

"Mama kiongozi," akasema, "naomba radhi. Huyu ni Mzigua, ni mtani wangu. Kabla sheria yenu haijamshika, ya kwangu imeshamshika." Akaja karibu na kioo, akainama, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Funga msuli kwanza, mtani. Weka betri chini, haina miguu ya kukimbia."

Kicheko cha kwanza kikatoka kwa akina mama. Mayunga akaweka kiganja kwenye kioo, akamwomba yule mama naye aweke. Akaweka, akashtuka kidogo. "Kina joto," akasema.

"Kina joto," Mayunga akajibu. "Betri haikuibwa, mama. Imekuja kazini. Mtani wangu amejenga dirisha linalojifuta ukungu, mmejionea wenyewe, limemfuta mpaka yeye. Kosa lake hakuomba ruhusa, na kwa hilo mimi nitamtoza faini ya utani, na mwenyekiti atamtoza ya kijiji."

Yule mama akaendelea kukigusa kioo, na kwa dakika hiyo moja, nawaapia, nilidhani huenda nikaipata zahanati. Nilisahau hata msuli. Akageuka kwa Mzee Kilo akauliza, "Ni ufundi kweli. Lakini huku kwenu Handeni ukungu unatoka wapi?"

Mzee Kilo akatazama juu, mbingu ni buluu tupu. Akatazama watu. Aliyejibu ni Hadija, aliyekuwa ameketi kwenye kigogo kando ya mlango, uso umejaa masizi, kuni bado ziko mkononi.

"Unatoka kwenye sufuria zangu," akasema. "Nauchemsha tangu alfajiri."

Basi. Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika hadi Segera. Yule mama alicheka mpaka akashika ukuta wangu, ukuta nao ukasogea kidogo, akauachia haraka. Nilipotoka nje na msuli umefungwa mafundo mawili, Mayunga akanifunga kamba mkononi, nikajitwika betri kichwani, akanivuta kijiji kizima hadi kwenye trekta huku akiwatangazia watu kwamba amemkamata Mzigua aliyetaka kujipika. Trekta likawaka. Wageni wakaenda shambani wakiwa na furaha kuliko walivyokuja. Mzee Kilo alinipa wiki tatu za kuchimba vyoo vya shule, na wilayani sikupelekwa, kwa sababu mtu akishachekwa kiasi kile ni vigumu kumfunga.

Zahanati akapewa Mayunga. Na faini yake ya utani? Alikuja kesho yake na bisibisi, akanisalimu vizuri, akakichukua kioo. Mila ni mila, nilimshikia upande mmoja akitoa skrubu. Kisha akaenda kwa mwenyekiti akaomba mimi niwe fundi mwenzake wa zahanati, akisema fremu zangu ni nzuri kuliko zake.

Hapo nitawaambia kitu ambacho hata Hadija sijamwambia. Nilidhani wivu umeisha, maana dirisha langu limeondoka na la kwake nimelizoea. Kumbe ule wa dirisha ulikuwa mdogo. Siku ile aliponitoa mikononi mwa mgambo angeweza kunyamaza tu, na mimi ningekuwa yeye ningenyamaza, nilijua hivyo tangu nikiwa nimesimama pale nyuma ya kioo. Nikaanza kumwonea wivu kwa hilo. Kiungo cha mbao naweza kukiiga, hicho sikujua naanzia wapi. Nilifanya naye kazi miezi miwili nikichonga kimya, yeye anatania, mimi nachonga.

Kile kioo tulikiweka kwenye chumba cha wazazi waliojifungua, bila umeme, kioo tu cha kuingiza mwanga. Na Hadija alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulala mle. Ilikuwa asubuhi, mvua imenyesha, kuna ubaridi. Nikaambiwa nisubiri nje, mtoto wa kiume, wote wazima, nesi atamwinua dirishani nimwone. Nikakimbilia dirishani. Mle ndani nesi alikuwa anachemsha vyombo vyake kwenye jiko la mafuta, na kioo kilikuwa cheupe pepepe, ukungu mzito kama wa siku ile. Naona kivuli kimeinuliwa, kivuli kidogo kimefungwa kanga, mwanangu niliyemngoja miaka sita, na simwoni. Nikafuta kioo kwa kiganja, nikakumbuka ukungu uko upande wa ndani.

Mayunga alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango ananoa patasi. Hakuinua hata kichwa.

"Mtani," akasema, "kaombe betri."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye matope, mara ya kwanza tangu alipohamia kijijini, na nilipoinuka nesi alikuwa ameshafuta kioo kwa kona ya kanga, na mtoto yule alikuwa amekunja uso kama mtu aliyedhulumiwa kiwanja. Tulimwita Saidi. Mayunga akadai naye ni mtani wake na akamchukulia kofia yake ya kwanza.

Tangu hapo nimeapa: sitaazima kitu bila mwenyewe kujua, na sitachemsha ukungu ili nionekane nimeufuta. Wivu sijaapia. Bado ninao kidogo, na dirisha la kamba nilimwekea Hadija miaka ile ile, linafungwa mtu akiwa amelala, vibao vyake vyembamba vimeungwa kwa kijiti kimoja. Ukiniuliza nilijifunza wapi, nitakuambia ni kwa Mayunga, lakini uniulize mara mbili.